Nani Mkubwa Mbinguni? Watakatifu Tunaowaimbia na Ngazi Zao



Wapendwa wanakwaya na waumini wote, historia ya kwaya yetu, viongozi wake na safari zake imeelezwa katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Sisi tumeombwa kuandika historia ya wale ambao tumewaimbia kwa miaka hii yote 25, yaani watakatifu. Tumekubali kwa furaha, kwa sababu hakuna swali lililoleta mjadala mrefu katika mazoezi yetu kama hili: je, kati ya watakatifu wako walio juu na walio chini?

Swali lenyewe huanza kwa jambo dogo. Jumuiya iliyo chini ya Mtakatifu Antoni inataka siku ya msimamizi wake kwaya ije nzima, na kinanda, na ngoma, na kayamba. Jumuiya ya Mtakatifu Monika nayo inahesabu: wao waliimbiwa nyimbo ngapi, na sisi tumeimbiwa ngapi? Wengine wanasema Mashahidi wa Uganda watangulie kwa kuwa ni majirani zetu na damu yetu. Wengine wanauliza mtu awezaje kumtaja yeyote kabla ya Petro, aliyekabidhiwa funguo. Mara nyingi tunacheka, tunakunywa chai, tunarudi kwenye noti.

Lakini kuna siku swali hili linauma. Jumuiya yenye familia chache inapoadhimisha msimamizi asiyejulikana sana, watu huja wachache. Hapo wenyeji hujiuliza kimoyomoyo: ni mtakatifu wetu asiye na uzito, au ni sisi? Ndiyo maana tumeona jubilei hii ni wakati mzuri wa kutazama Kanisa lenyewe limesema na kufanya nini juu ya jambo hili tangu zamani.

NGAZI ZIPO, NA KWAYA INAZIJUA

Tuanze na ukweli ulio wazi. Kanisa lina ngazi, na mwanakwaya hahitaji kusoma teolojia ili kuzijua. Anazijua kwa nyimbo. Adhimisho kubwa zaidi huitwa Sherehe: siku hiyo tunaimba Utukufu na tunakiri Nasadiki. Linalofuata huitwa Sikukuu: tunaimba Utukufu, lakini Nasadiki haipo, isipokuwa kwa adhimisho la Bwana likiangukia Dominika. Kisha kuna Kumbukumbu, za lazima na za hiari: hapo hakuna Utukufu wala Nasadiki. Mwalimu wa kwaya akituambia tu tufungue wapi, tayari tumejua siku ile imewekwa ngazi gani.

Sasa tazama nani yuko wapi katika kalenda ya Kanisa lote. Bikira Maria ana Sherehe zake: Mama wa Mungu tarehe 1 Januari, Kupalizwa Mbinguni tarehe 15 Agosti, na Mkingiwa Dhambi ya Asili tarehe 8 Desemba. Baada yake watakatifu wenye Sherehe kwa majina yao ni wachache sana: Yosefu tarehe 19 Machi, Yohane Mbatizaji siku ya kuzaliwa kwake tarehe 24 Juni, na Petro na Paulo tarehe 29 Juni. Mitume wengine na Wainjili wana Sikukuu. Watakatifu wengi tunaowapenda, wakiwemo Antoni, Monika na hata Sesilia msimamizi wa waimbaji, wana Kumbukumbu.

Kwa Bikira Maria hakuna ubishi. Mtaguso wa Efeso, mwaka 431, ulithibitisha kwamba ni halali kumwita Mama wa Mungu, na Kanisa humpa heshima iliyo juu ya ile ya watakatifu wengine wote. Hata hivyo heshima hiyo si ibada ya kuabudu. Mtaguso wa Pili wa Nisea, mwaka 787, ulilitenganisha jambo hili waziwazi: anayeabudiwa ni Mungu peke yake, watakatifu huheshimiwa. Tunaliandika hili kwa sababu kila mmoja wetu ana ndugu au jirani wa kanisa lingine anayetuuliza, hasa matangani, kwa nini tunawaabudu wafu. Hatuwaabudu. Tunawaomba watuombee, kama tunavyomwomba jirani aliye hai atuombee mtoto anapougua.

Je, kwa wengine wote kalenda inatuambia kwamba Yosefu ni mtakatifu kuliko Antoni, na Antoni kuliko yule asiye na siku kabisa? Hapa ndipo historia inapotusaidia.

NGAZI ZILIBADILIKA

Mfano wa kwanza ni Mtakatifu Yosefu. Leo ni vigumu kupata parokia ambayo haina hata kikundi kimoja cha wanaume kinachoitwa kwa jina lake. Lakini kwa karne nyingi Kanisa la Magharibi halikumtaja sana katika liturujia. Jina lake liliingizwa katika Litania ya Watakatifu mwaka 1726 tu. Papa Pius IX alimtangaza msimamizi wa Kanisa zima mwaka 1870. Papa Pius XII aliweka siku ya Yosefu Mfanyakazi, tarehe 1 Mei, mwaka 1955. Papa Yohane XXIII aliliingiza jina lake katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza mwaka 1962, wakati wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na mwaka 2013 likaingizwa pia katika Sala ya Pili, ya Tatu na ya Nne. Ndiyo maana wazee wetu wanakumbuka Misa ambazo Yosefu hakutajwa, na watoto wetu hawaijui Misa ya namna hiyo.

Sasa tujiulize. Je, Yosefu aliongezeka utakatifu kati ya mwaka 1726 na mwaka 2013? Hapana. Alikuwa yuleyule seremala wa Nazareti, aliyeondoka usiku na Mtoto na Mama yake kwenda Misri, na ambaye Injili haikuandika hata neno moja lililotoka kinywani mwake. Kilichobadilika ni macho yetu.

Mfano wa pili ni Maria Magdalena. Yeye ndiye aliyetumwa na Bwana mfufuka kuwapa mitume habari ya ufufuko, kama tunavyosoma katika Yohane sura ya 20. Hata hivyo adhimisho lake la tarehe 22 Julai lilikuwa Kumbukumbu, hadi mwaka 2016 alipopandishwa na Papa Fransisko na kupewa Sikukuu, sawa na mitume. Tangu hapo siku yake tunaimba Utukufu.

Mfano wa tatu unakwenda upande wa pili. Madereva wengi, hata wa matatu, hubeba picha ya Mtakatifu Kristofa. Papa Paulo VI alipotengeneza upya kalenda mwaka 1969, siku ya Kristofa iliondolewa katika kalenda ya Kanisa lote. Habari ikaenea duniani kwamba Kristofa "amefutwa" utakatifu. Sivyo. Jina lake limebaki katika orodha ya mashahidi wa Kanisa, na anaweza kuheshimiwa pale anapopendwa. Kilichopunguzwa ni wingi wa siku katika kalenda, ili adhimisho la Fumbo la Pasaka na Dominika visifunikwe, na ili kalenda ya Kanisa lote iwe na watakatifu wa mataifa yote.

Tena ngazi hubadilika kwa mahali. Mtakatifu ambaye ni msimamizi wa kanisa fulani huadhimishwa humo kwa Sherehe, hata kama kwingineko ana Kumbukumbu tu. Karoli Lwanga na wenzake wana Kumbukumbu tarehe 3 Juni katika kalenda ya Kanisa lote. Nchini Uganda siku hiyohiyo ni Sherehe, na pia ni sikukuu ya taifa. Mashahidi ni walewale. Mpaka wa Busia hauwapunguzii wala hauwaongezei kitu. Ngazi ya kalenda inaonyesha jinsi watu wa mahali fulani wanavyofungamana na mtakatifu. Haipimi utukufu wake mbele ya Mungu.

Hata mpangilio wa majina ni hivyo. Perpetua na Felisita waliuawa pamoja Kartago, hapa barani Afrika, mwaka 203. Perpetua alikuwa mama kijana wa ukoo wa heshima. Felisita alikuwa mtumwa, aliyejifungua gerezani siku chache kabla ya kifo. Katika Litania tunayoimba Mkesha wa Pasaka, Perpetua anatangulia. Katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza, Felisita anatangulia. Asomaye zote mbili ataona kwamba Kanisa halikutaka tubishane ni nani alimpita mwenzake mlangoni.

NJIA NDEFU NA NJIA FUPI

Wengine husema: tazameni basi nani alitangazwa haraka, huyo ndiye mkubwa. Historia ya kutangaza watakatifu inajibu hilo pia.

Mwanzoni hakukuwa na ofisi wala kesi. Wakristo waliwakumbuka mashahidi kwa kukusanyika makaburini siku ya kifo chao, ambayo waliiita siku ya kuzaliwa. Baadaye maaskofu ndio waliokubali nani aheshimiwe katika majimbo yao. Mtakatifu wa kwanza tunayejua kwa hakika kwamba alitangazwa rasmi na Papa ni Askofu Ulrich wa Augsburg, mwaka 993. Mwaka 1234 sheria ya Kanisa iliweka jambo hili mikononi mwa Papa peke yake, na mwaka 1588 Papa Sixtus V aliunda idara ya Vatikano ya kushughulikia kesi hizo.

Katika njia hiyo kasi zimekuwa tofauti mno. Antoni wa Padua alifariki tarehe 13 Juni 1231, akatangazwa mtakatifu tarehe 30 Mei 1232, hata mwaka haujaisha. Yohana wa Arc alichomwa moto Ufaransa mwaka 1431, akatangazwa mwaka 1920. Hildegard wa Bingen, mtawa wa Ujerumani aliyetunga nyimbo ambazo waimbaji wanaziimba hadi leo, alifariki mwaka 1179. Watu walimheshimu kwa karne nyingi, lakini jina lake liliandikwa rasmi kwa ajili ya Kanisa lote mwaka 2012, na mwaka huohuo akatangazwa Mwalimu wa Kanisa. Kama kasi ingekuwa kipimo, mtunzi huyu angekuwa mtakatifu mdogo sana. Lakini nani kati yetu atathubutu kusema hivyo?

MAJIRANI ZETU WA NAMUGONGO

Tuje karibu na nyumbani. Mashahidi Wakatoliki wa Uganda ni 22, waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887 wakati wa Kabaka Mwanga. Papa Benedikto XV aliwatangaza wenyeheri tarehe 6 Juni 1920, na Papa Paulo VI akawatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, huko Roma, maaskofu wa dunia wakiwa wamekusanyika kwa Mtaguso. Katika mahubiri yake siku hiyo Papa aliwataja pia Waanglikana waliokufa kwa ajili ya Kristo katika mateso hayohayo. Miaka mitano baadaye alikuja mwenyewe Uganda.

Kalenda inawaita "Karoli Lwanga na wenzake". Lakini Lwanga hakuwa wa kwanza kufa. Wa kwanza alikuwa Yosefu Mukasa Balikuddembe, tarehe 15 Novemba 1885, kwa sababu alithubutu kumkemea Kabaka. Lwanga alishika nafasi yake ya kuwaongoza vijana wa ikulu, akachomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Kizito, aliyekufa siku hiyohiyo, alikuwa na umri wa miaka 14 hivi. Sasa nani mkubwa: aliyetangulia, aliyeongoza, au mtoto?

Kwa wanakwaya tungependa kumtaja mmoja wa hao "wenzake", ambaye jina lake halisikiki mara nyingi kama la Lwanga. Ni Andrea Kaggwa. Alikuwa mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka. Alikuwa pia mwalimu wa dini, na nyumbani kwake watu wengi walijifunza katekisimu. Tarehe 26 Mei 1886, huko Munyonyo, alikatwa mkono kwanza, kisha akauawa. Kila mpiga ngoma wa kwaya hii anapopandisha mikono kuanza wimbo wa kuingilia, ana mwenzake wa kazi mbinguni.

NYAATHA WETU

Hapa Kenya bado hatuna mwananchi aliyetangazwa mtakatifu. Baadhi yetu huona haya kwa jambo hilo, kama timu isiyo na kombe. Lakini hatuko mikono mitupu.

Tarehe 23 Mei 2015, huko Nyeri, umati mkubwa ulishuhudia Sista Irene Stefani, Mmisionari wa Consolata, akitangazwa mwenyeheri katika ibada iliyoongozwa na Polycarp Kardinali Pengo wa Dar es Salaam. Irene alizaliwa Italia mwaka 1891, akafika Kenya mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Alitumwa kuuguza katika hospitali za wapagazi wa jeshi la Waingereza, Voi, Kilwa na Dar es Salaam. Hao ndio Carrier Corps, ambao jina lao limebaki katika Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Walikuwa Waafrika waliobeba mizigo ya vita isiyo yao, na walikufa kwa maelfu, wengi wakizikwa bila jina kuandikwa popote. Irene aliwaosha vidonda, akawafunga bendeji, akakaa nao walipokuwa wanakata roho.

Kuanzia mwaka 1920 alifanya kazi Gikondi, akitembea vilima kwa miguu kufundisha na kuwatembelea wagonjwa, hata watu wakamwita Nyaatha, mama wa huruma. Tarehe 31 Oktoba 1930 alifariki kwa tauni aliyoambukizwa akimhudumia mgonjwa. Kumbuka tarehe hiyo: siku moja kabla ya Watakatifu Wote.

Mwenyeheri si mtakatifu wa daraja la pili. Maana yake ni kwamba Kanisa limeruhusu aheshimiwe hadharani mahali fulani au katika shirika fulani. Akitangazwa mtakatifu, Kanisa lote humheshimu. Wengine bado wako mwanzoni mwa njia hiyo, kama Mtumishi wa Mungu Maurice Kardinali Otunga, kardinali wa kwanza wa Kenya, aliyefariki tarehe 6 Septemba 2003. Tunaomba, tunangoja uamuzi wa Kanisa, wala hatuna haraka. Yohana wa Arc alingoja karibu miaka 500.

MSIMAMIZI WA WAIMBAJI

Na Sesilia je? Hatuwezi kuandika katika kijitabu cha kwaya bila kumtaja. Alikuwa shahidi wa Roma katika karne za kwanza, na jina lake limo katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza. Masimulizi ya maisha yake yaliandikwa muda mrefu baada ya kifo chake, katika karne ya 5. Humo inasimuliwa kwamba siku ya arusi yake, ala za muziki zilipokuwa zikipigwa, yeye alimwimbia Bwana moyoni mwake. Kutokana na sentensi hiyo moja waimbaji wakamchukua kuwa wao. Mwaka 1585 Papa Sixtus V alikubali kuundwa kwa chama cha wanamuziki huko Roma chini ya usimamizi wa Sesilia na Papa Gregori Mkuu. Mwaka 1969, kalenda ilipopunguzwa, siku yake ya tarehe 22 Novemba iliachwa kwa sababu ya upendo wa watu kwake.

Tutafakari jambo hili. Msimamizi wa kwaya zote duniani hakupewa nafasi hiyo kwa sauti nzuri. Alipewa kwa wimbo ambao hakuna aliyeusikia isipokuwa Mungu.

BASI, YUKO MKUBWA?

Tukubali kwamba Kanisa halifundishi kuwa mbinguni wote wako sawa kama mbegu za choroko. Mtakatifu Paulo anasema nyota hutofautiana na nyota kwa fahari (1 Kor 15:41). Mtaguso wa Firenze, mwaka 1439, ulifundisha kwamba waliotakaswa humwona Mungu kama alivyo, mmoja kwa ukamilifu zaidi ya mwingine, kulingana na mastahili yao. Kwa hiyo tofauti ipo. Swali ni nani anayeijua, na jibu ni kwamba anaijua Mungu.

Yakobo na Yohane waliomba viti vya kulia na kushoto, na wale kumi wengine wakakasirika. Bwana hakusema viti hivyo havipo. Alisema si vyake kuvigawa, vitapewa waliowekewa tayari; kisha akawaambia anayetaka kuwa mkubwa awe mtumishi wa wote (Mk 10:35-45). Na kuhusu Yohane Mbatizaji, alisema hakuna aliyezaliwa na mwanamke aliye mkuu kuliko yeye, lakini papo hapo akaongeza kwamba aliye mdogo katika ufalme wa mbinguni ni mkuu kumpita (Mt 11:11). Kila tukipanga foleni, Bwana anaipindua.

Kitabu cha Kumfuasa Kristo, kilichoandikwa katika karne ya 15, kina sura nzima inayowaonya waumini wasishindane kuhusu mtakatifu yupi ni mkubwa, kwa kuwa mashindano hayo huzaa kiburi na ugomvi, na watakatifu wenyewe hawayataki. Inaonekana jumuiya za wakati ule nazo zilikuwa zikihesabiana nyimbo!

Jibu lililotufaa zaidi tulilipata kwa Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Akiwa mtoto alisumbuliwa na swali hilihili: kwa nini Mungu asiwape wote utukufu sawa? Dada yake Paulina alichukua bilauri kubwa ya baba yao na kastabini, ile kofia ndogo ya chuma ambayo mshonaji huvaa kidoleni, akavijaza vyote viwili maji hadi pomoni. Kisha akamuuliza kipi kimejaa zaidi. Teresia akaelewa: vyote vimejaa, na hakuna kinachoweza kuongezwa tone. Mbinguni hakuna aliyepungukiwa, basi hakuna wa kuona wivu. Msichana huyo aliingia utawani, hakwenda misheni hata siku moja, akafariki mwaka 1897 akiwa na umri wa miaka 24. Mwaka 1927 Kanisa lilimfanya msimamizi wa misheni pamoja na Fransisko Ksaveri, aliyevuka bahari hadi India na Japani. Bilauri na kastabini, bega kwa bega.

Kwa hiyo kuwa na mtakatifu umpendaye si kosa hata kidogo. Mama mwenye kijana aliyepotea humkimbilia Monika, kwa kuwa Monika alimlilia Augustino miaka mingi. Aliyepitia dhuluma humkimbilia Bakhita, binti wa Sudan aliyeuzwa utumwani na kutangazwa mtakatifu mwaka 2000. Tunawapenda kwa sababu walipita njia tunayopita. Kosa huanza pale upendo wangu kwa Monika unaponifanya nimdharau Bakhita wako.

SIKU YA WASIO NA JINA

Tumeacha Sherehe moja kwa makusudi, ili tumalizie nayo. Ni tarehe 1 Novemba, Watakatifu Wote. Tazama imewekwa wapi: ni Sherehe, pamoja na Yosefu, Yohane Mbatizaji, na Petro na Paulo. Imepita Sikukuu za mitume wengine. Imepita Antoni, Monika, Teresia na Sesilia. Na siku hiyo ni ya nani hasa? Ni ya wote, lakini zaidi ni ya wale ambao hakuna kalenda iliyowaandika, wala picha, wala medali, wala jumuiya ya kuwaimbia. Mpagazi aliyekata roho Kilwa mkononi mwa Nyaatha akiwa amebatizwa, bila jina lake kubaki popote, siku yake ni Sherehe, na anaimbiwa Utukufu na Nasadiki.

Mwezi mmoja tu baada ya kutangazwa kwa Mashahidi wa Uganda, tarehe 21 Novemba 1964, Mtaguso ulitoa hati juu ya Kanisa inayofundisha kwamba Wakristo wote, wa hali yoyote, wameitwa kwenye utakatifu. Mafundisho hayo yanatuhusu sisi. Katika miaka 25 kwaya hii imekuwa na waimbaji wa solo ambao parokia nzima inawajua. Imekuwa pia na aliyefika mapema kufungua mlango na kupanga mabenchi, aliyebeba kinanda kwenye mkokoteni siku ya mvua, aliyechemsha chai, aliyenakili maneno ya nyimbo kwa mkono kabla hatujapata mashine, na aliyeimba besi safu ya nyuma miaka yote bila kutajwa kwenye tangazo lolote. Baadhi yao wametutangulia mbele ya haki. Hatuwezi kuwatangaza watakatifu, hiyo si kazi yetu. Lakini tunawaombea, na tunatumaini kwamba ile tarehe 1 Novemba ni siku yao pia.

Basi kwa jumuiya ile ndogo inayojiuliza kama msimamizi wake ana uzito, jibu letu ni hili. Mtakatifu wenu amejaa hadi pomoni. Ngazi ya siku yake katika kalenda itatuambia tuimbe Utukufu au tusiimbe. Haitatuambia tuje wangapi, wala tuimbe kwa moyo kiasi gani. Tunawaalika waumini wote wa parokia, katika mwaka huu wa jubilei, kuhudhuria angalau sala moja ya msimamizi wa jumuiya isiyo yao, hasa iliyo ndogo. Kwaya itakuwapo kwa sauti zote nne, na ngoma ya Kaggwa.

Mtakatifu Sesilia, utuombee. Watakatifu wote tunaowajua na tusiowajua, mtuombee.